Nani angempelekea Beverly Hall habari mbaya?

Katika shule ya msingi ya Venetian Hills, mjini Atlanta, jimbo la Georgia, kulikuwa na chumba kisicho na dirisha hata moja. Wiki ya mtihani wa jimbo ilipofika, walimu saba waliingia humo kila alasiri, wakafunga mlango kwa ndani, wakatoa vifutio na penseli, kisha wakaanza kupitia karatasi za majibu za watoto moja baada ya nyingine. Pale ambapo mtoto alikuwa ametia kivuli kiduara kisicho sahihi, walikifuta na kutia kivuli kwenye kile kilicho sahihi. Walimu hao walijulikana kama wateule. Tunayajua haya kwa undani kwa sababu mmoja wao, mwalimu wa darasa la tatu, alikubali mwaka 2010 kuvaa kinasa sauti kwa ajili ya wapelelezi na kuendelea kuketi na wenzake akiwa nacho mwilini.

Mtu ninayeandika habari zake katika makala haya hakuwamo katika chumba kile. Alikuwa makao makuu ya elimu ya jiji, katika ofisi iliyokuwa mbali na harufu ya chaki, na mpaka alipofariki alikana kwamba aliamuru udanganyifu huo au kwamba aliujua. Jina lake ni Beverly Hall. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2011 alikuwa msimamizi mkuu wa shule za umma za Atlanta, na mwaka 2009 chama cha kitaifa cha wasimamizi wa shule Marekani kilimtangaza kuwa msimamizi bora wa mwaka kwa nchi nzima. Safari yake inastahili kusomwa kwa makini na kila anayepewa dhamana ya shule nyingi kwa wakati mmoja, awe Marekani au awe katika halmashauri zetu, kwa sababu inaonyesha kwamba kiongozi wa elimu anaweza kuwa mchapakazi, mwenye uzoefu na mwenye nia ya kweli ya kuwainua watoto maskini, na bado akajenga mfumo ambamo ukweli hauna njia ya kumfikia.

Kwanza tukielewe cheo chenyewe. Wilaya ya elimu ya Marekani si wilaya kama tunavyoijua sisi, yenye mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri. Ni chombo kinachosimama peke yake, chenye mipaka yake, mapato yake kutokana na kodi ya majengo, na bodi yake, ambayo mahali pengi huchaguliwa na wananchi kwa kura. Nchi nzima ina wilaya za namna hii zipatazo 13,000. Nyingine zina shule mbili tu, nyingine zina mamia. Kazi kubwa kuliko zote ya bodi ni kumwajiri mtu mmoja, yaani msimamizi mkuu, kwa mkataba wa miaka michache wenye mshahara mnono na masharti ya utendaji, kisha mtu huyo ndiye anayepanga walimu wakuu, anayeandaa bajeti na anayejibu maswali ya magazeti. Katika miji mikubwa wengi wao hawamalizi hata miaka minne. Bodi hubadilika uchaguzi unapopita, chama cha walimu hukasirika, meya hupoteza subira, na msimamizi hufungasha virago kwenda jiji lingine. Kwa hiyo Hall aliyedumu Atlanta miaka 12 alikuwa kitu cha nadra, na uthabiti huo peke yake ulimpa heshima kubwa mbele ya wafanyabiashara wa jiji waliokuwa wamechoka kuona wasimamizi wakiingia na kutoka.

Alizaliwa Jamaica, akahamia Marekani akiwa kijana baada ya kumaliza sekondari, akasoma Brooklyn na kuanza kufundisha huko huko katika shule zenye watoto wa familia za kipato cha chini. Akawa mwalimu mkuu. Kutoka hapo akapanda kuwa msimamizi wa moja ya wilaya ndogo za elimu za jiji la New York, upande wa Queens, kisha naibu wa mkuu wa shule zote za jiji. Mwaka 1995 serikali ya jimbo la New Jersey ilipozinyang'anya mamlaka za Newark shule zake kwa sababu ya uongozi mbovu, ilimteua yeye aende kuzisimamia. Baada ya miaka minne Atlanta ikamwita.

Ngazi hiyo, ya mwalimu, mwalimu mkuu, msimamizi wa eneo, naibu makao makuu, kisha bosi wa jiji zima, ndiyo inayosifiwa kuwa ngazi sahihi, na mimi pia naamini ni bora kuliko kumleta mtu kutoka benki au jeshini ambaye hajawahi kusahihisha daftari. Lakini ina hatari moja ambayo husemwa mara chache. Katika kila hatua ya ngazi hiyo mtu anasogea mbali zaidi na mtoto na kukaribia zaidi jedwali. Mwalimu anamjua Juma kwa sura, kwa mwandiko na kwa jinsi anavyokwepa kusoma kwa sauti. Mwalimu mkuu anamjua kwa jina. Msimamizi wa eneo anamjua kama mmoja wa watoto mia nne wa shule fulani. Na mtu wa makao makuu anamjua kama sehemu ya desimali. Anayepanda ngazi hiyo kwa mafanikio hupandishwa kwa sababu takwimu zake zilikuwa nzuri, na taratibu, bila kukusudia, anajifunza kwamba takwimu nzuri ndizo zinazofungua mlango unaofuata. Newark hali ilikuwa kali zaidi, kwa maana huko Hall alikuwa ametumwa na serikali ya jimbo juu ya vichwa vya wenyeji, na ripoti yake ilikwenda juu, haikushuka chini kwa wazazi.

Alipofika Atlanta alikuta shule zenye watoto wapatao 50,000, wengi wao Weusi na wengi wao kutoka kaya maskini, na jiji lililokuwa limezoea kuamini kwamba watoto wale hawawezi. Hall alikataa imani hiyo. Hili ni jambo la kumheshimu, na sitaki msomaji alipite haraka. Alisema hadharani kwamba umaskini si kisingizio cha mtoto kutojua kusoma, akaleta programu mpya za kusoma, akazigawa sekondari kubwa zilizokuwa zimeshindikana ziwe ndogo ndogo, akavuta fedha za taasisi za ufadhili na kampuni kubwa. Wala si kila kitu kilikuwa uongo. Kuna mtihani wa kitaifa unaofanywa kwa sampuli, ambao walimu wa shule hawaushiki wala hawana maslahi nao, na katika mtihani huo pia alama za Atlanta zilipanda miaka ile. Watoto kadhaa walijifunza kweli. Kwa sababu hiyo mkasa huu ni mzito kuliko hadithi ya kawaida ya mwizi aliyekamatwa.

Tatizo lilikuwa katika chombo alichokitumia kusukuma. Kila shule iliwekewa malengo ya alama kila mwaka. Walimu wakuu waliambiwa kwamba wana miaka 3 ya kuyafikia malengo hayo au watafute kazi nyingine, na hayakuwa maneno matupu: katika kipindi chake karibu asilimia 90 ya walimu wakuu walibadilishwa. Shule iliyofikia malengo, wafanyakazi wake walilipwa bonasi, hata madereva wa mabasi na watu wa jikoni. Hall mwenyewe, kwa mujibu wa mkataba wake, alipokea bonasi za zaidi ya dola 500,000 kwa jumla ya miaka aliyokaa. Kila mwaka wafanyakazi wote walikusanyika katika uwanja mkubwa wa ndani wa Georgia Dome, na wale ambao shule zao zilifikia malengo waliketishwa chini uwanjani, huku walioshindwa wakikaa pembeni kwenye viti vya watazamaji ili kila mtu awaone.

Juu ya hayo yote kulikuwa na sheria ya elimu ya taifa iliyosainiwa Januari 2002, iliyotaka kila mtoto wa Marekani awe amefikia kiwango cha ufaulu kufikia mwaka 2014, na kuziadhibu shule ambazo hazikusogea kila mwaka. Msukumo ulitoka Washington, ukapita kwa gavana, ukapita kwa bodi, ukapita kwa Hall, ukamwangukia mwalimu wa darasa la tatu mwenye penseli na kifutio.

Kuna sehemu ya mfumo huo ambayo ni ya kiufundi lakini ndiyo iliyowamaliza. Lengo la mwaka huu lilitokana na matokeo ya mwaka uliopita. Shule ikidanganya mara moja na kupata alama za juu, mwaka unaofuata lengo lake linaanzia kwenye zile alama za uongo. Mwalimu mkuu mpya, hata awe mwadilifu kiasi gani, anakabidhiwa kimo ambacho watoto hawajawahi kukifikia, na anatakiwa kukipita. Akisema ukweli ataonekana ameiangusha shule iliyokuwa inang'ara. Hivyo udanganyifu wa mwaka mmoja ulizaa ulazima wa udanganyifu wa mwaka wa pili, na wa tatu, na kila mwaka ulihitaji vifutio vingi zaidi. Wachunguzi wa serikali baadaye walilieleza hili waziwazi kuwa moja ya sababu za uovu ule kuenea.

Nikiwa mtu niliyewahi kushika chaki, mfano unaoniuma ni wa shule ya Parks, ambayo ni ya madarasa ya kati. Mwaka mmoja asilimia 24 ya wanafunzi wa darasa la 8 walifikia kiwango katika hisabati. Mwaka uliofuata, 2006, walikuwa asilimia 86. Ambaye amewahi kufundisha kugawanya sehemu kwa watoto waliopitwa na msingi anajua kwamba jambo hilo halitokei. Unaweza kuwavusha watoto wengi, unaweza kufundisha mpaka jioni na Jumamosi, lakini darasa haliruki hivyo kwa miezi tisa. Hall alikuwa mwalimu kabla hajawa kitu kingine chochote. Maarifa ya kutilia shaka ile namba alikuwa nayo mikononi mwake mwenyewe, tena bila kuhitaji mtaalamu wa takwimu. Badala ya kwenda Parks kuketi nyuma ya darasa na kumwomba mtoto mmoja aende ubaoni, makao makuu yaliipigia makofi. Mwaka huo huo mchunguzi aliyepewa kazi na wilaya yenyewe aligundua udanganyifu katika shule hiyo na kutoa taarifa, na hakuna hatua ya maana iliyochukuliwa.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2008 gazeti la Atlanta Journal-Constitution lilianza kuandika kwamba miruko ya namna hiyo haielezeki. Baadaye serikali ya jimbo ikapima kitu ambacho mashine ya kusahihishia inaweza kukiona lakini jicho la binadamu hupita: alama za kufutwa. Mtoto wa kawaida hubadilisha majibu machache, na si kila mara anapobadilisha anapata. Darasa zima likiwa na lundo la majibu yaliyofutwa kutoka makosa kwenda sahihi, uwezekano wa jambo hilo kutokea lenyewe unakaribia sifuri. Atlanta ilikuwa na madarasa mengi ya namna hiyo. Gavana aliteua wachunguzi maalumu mwaka 2010, na ripoti yao ya Julai 2011 ilisema kwamba udanganyifu ulifanyika katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, ikawataja walimu na viongozi 178, miongoni mwao walimu wakuu 38. Watu 82 walikiri. Katika shule moja walimu walikusanyika nyumbani kwa mwenzao mwisho wa wiki kubadilisha majibu pamoja. Katika nyingine mwalimu mkuu alimlazimisha mwalimu ambaye alama za wanafunzi wake zilikuwa chini kutambaa chini ya meza katikati ya kikao.

Machi 2013 baraza la mashtaka la kaunti ya Fulton liliwashtaki watu 35, Hall akiwa mmoja wao, kwa sheria ambayo kwa kawaida hutumika dhidi ya magenge ya uhalifu. Aprili 2015 watu 11 kati ya 12 waliofikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama walitiwa hatiani. Hall hakuwamo. Saratani ya matiti ilimfanya ashindwe kusimama kizimbani, na alifariki tarehe 2 Machi 2015, mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo, akiwa hajapatikana na hatia yoyote.

Je, alijua? Swali hilo ndilo lililotawala mjadala wote, na waliomtetea walikuwa na hoja: hakuna aliyeonyesha amri yake ya maandishi, na kiongozi mwenye shule karibu mia moja hawezi kuwa katika kila chumba. Mimi naona swali hilo ni la mahakama, na kwa kuwa mahakama haikulijibu, si haki kulijibu kwa niaba yake. Swali la uongozi ni tofauti, nalo halihitaji kuingia moyoni mwa marehemu. Ni hili: kama mwalimu mkuu wa Atlanta, mwaka 2007, angetaka kwenda kwa bosi wake na kumwambia kwamba watoto wa shule yake wameshuka, kwamba zile alama za mwaka jana hazikuwa za kweli, na kwamba anahitaji walimu wawili wa kusoma na mwaka mmoja zaidi, angepita mlango gani? Angepoteza nini? Jibu linajulikana. Angekaa kwenye viti vya pembeni mbele ya wafanyakazi wenzake wote, kisha angetafuta kazi. Wachunguzi waliuita utamaduni wa hofu, vitisho na kulipiza kisasi. Msimamizi mkuu anaweza asijue kinachofanyika chumbani, lakini hawezi kudai kwamba hakujua jinsi alivyowaketisha watu uwanjani, kwa sababu mpangilio huo ulikuwa wake.

Miaka ile ile, tangu 1999 hadi 2011, kaunti ya Montgomery katika jimbo la Maryland iliongozwa na msimamizi mkuu aitwaye Jerry Weast. Montgomery ni tajiri kuliko Atlanta, na ulinganisho wowote lazima ulikumbuke hilo. Lakini Weast naye alikuta sehemu kubwa ya kaunti imejaa watoto wa wahamiaji na wa kaya maskini waliokuwa wakiachwa nyuma, naye alikuwa mtu wa takwimu kama Hall. Alichora ramani ya kaunti na kuigawa kanda mbili, nyekundu kwa maeneo ya umaskini na kijani kwa maeneo ya neema, kisha akaishawishi bodi, pamoja na wazazi wa kanda ya kijani, kwamba fedha zaidi, madarasa madogo zaidi na elimu ya awali ya kutwa nzima vianzie kwenye nyekundu. Namba mbaya katika ramani ile ilikuwa sababu ya kupeleka msaada. Shule haikuwa na haja ya kuificha, maana kuificha kungekuwa kujinyima.

Kwa walimu dhaifu alifanya jambo ambalo wasimamizi wengi hawalithubutu: alikaa na chama chao. Kulikuwa na jopo la walimu 8 na wakuu wa shule 8. Mwalimu aliyeonekana kushindwa alipewa mwalimu mzoefu wa kumfuata darasani kwa muda mrefu, na baada ya hapo jopo liliamua abaki au aondoke. Anayedhani huo ni ulaini aangalie matokeo. Katika miaka 11 walimu wapatao 200 waliachishwa kazi kwa njia hiyo na wengine 300 hivi wakajiondoa wenyewe, wakati katika muongo uliotangulia walioachishwa walikuwa 5 tu. Serikali ya Obama ilipotangaza fedha za ushindani zilizodai walimu wapimwe kwa alama za mitihani ya wanafunzi, Montgomery ilikataa sehemu yake, dola milioni 12, kwa sababu masharti yake yangeuvunja utaratibu huo. Simchukulii Weast kama mtu asiye na kasoro. Ninachosema ni kwamba ukali na hofu ni vitu viwili, na wengi wetu tumevichanganya.

Nasema wengi wetu kwa makusudi. Afisa Elimu wa halmashauri nchini Tanzania haajiriwi na bodi iliyochaguliwa, halipwi bonasi ya mamilioni, na anaweza kuhamishwa kwa barua ya siku moja. Lakini ngazi anayopanda inafanana na ya Hall kuliko tunavyopenda kukiri. Anaanza darasani, anakuwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, anakuwa Afisa Elimu Kata, anaingia ofisi ya halmashauri upande wa taaluma au takwimu, na siku moja anakabidhiwa shule zote za msingi au zote za sekondari. Juu yake kuna mkurugenzi, juu ya mkurugenzi kuna mkoa, na juu ya mkoa kuna TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kila kituo kati ya hivyo kinauliza jambo moja matokeo yanapotoka, nalo ni kwamba tumekuwa wa ngapi.

Nimewahi kukaa katika kikao cha tathmini cha halmashauri moja, ambayo sioni sababu ya kuitaja. Ukumbi ulijaa walimu wakuu. Ukutani palikuwa na orodha ya shule zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na walimu wakuu wa shule tano za mwisho walitakiwa kusimama. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa ameshika daftari la kaunta kifuani, alianza kueleza kwamba wanafunzi wake huvuka mto, na masika ile mto ulijaa kwa wiki kadhaa, na kwamba watoto wa darasa la saba walikuwa wamekosa vipindi vingi. Hakumaliza. Aliambiwa, "Mwalimu mkuu, hatukuja kusikiliza sababu, tumekuja kusikiliza mikakati." Akakaa. Aliyefuata alikuwa amejifunza. Alisimama wima akasema, "Tumejipanga, Afisa Elimu, mwaka huu tunakwenda asilimia tisini," na ukumbi ukampigia makofi. Shule yake ilikuwa imepata chini ya asilimia 40. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza atafikaje, na mimi niliyekuwa nimekaa safu ya tatu nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, au mmoja baadaye, si hoja. Hoja ni kwamba Oktoba 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na ya shule kadhaa za maeneo mengine, kwa sababu ya kuvuja kwa mtihani, na watoto wakalazimika kukaa kufanya mtihani upya. Halmashauri nzima si jambo la mwalimu mmoja mkorofi. Watoto wa miaka 13 waliokuwa wamejiandaa kwa uaminifu walirudishwa kwenye madawati pamoja na wale waliopewa majibu, na hakuna aliyeweza kuwatenganisha.

Nchi yetu imeshaanza kulegeza kamba sehemu moja: tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Kenya nayo ilikuwa imesitisha kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014. Hatua hizo ni nzuri lakini zinagusa gazeti tu. Hazigusi kikao cha tathmini, ambako orodha bado iko ukutani. Anayeweza kuigusa ni Afisa Elimu mwenyewe, na hahitaji waraka mpya. Anaweza kuibandua ile orodha na kuweka mahali pake swali la kila shule inahitaji nini. Anaweza kumpa yule mama dakika kumi za kueleza habari ya mto, kisha akamuuliza mkurugenzi mbele ya wote lini kivuko kitajengwa. Wathibiti Ubora wa Shule, ambao wako chini ya Wizara ya Elimu na hawamripoti yeye, anaweza kuwachukulia kama watu wanaomletea kile ambacho walio chini yake wanaogopa kukisema, badala ya wageni wa kuandaliwa chai na kusindikizwa. Na shule inaporuka ghafla, anaweza kwenda yeye mwenyewe, bila taarifa, akamwomba mtoto wa nne kutoka dirishani asome aya moja kwa sauti. Kazi hiyo ni ya nusu saa na gharama yake ni mafuta ya pikipiki.

Siku mashtaka ya Atlanta yalipotangazwa, mama mmoja alisimama mbele ya waandishi wa habari pamoja na binti yake. Miaka kadhaa nyuma, binti huyo akiwa darasa la tatu, alikuwa wa mwisho katika kundi lake la kusoma, na mama yake alilijua hilo kwa sababu alikuwa akimsikiliza nyumbani. Kisha matokeo ya mtihani wa jimbo yakarudi yakionyesha kwamba amefaulu vizuri sana. Mama hakufurahi, alishuku, akaenda kuuliza, akitaka mwanawe apewe msaada wa ziada. Aliambiwa kwamba binti yake ni wa wale watoto wanaofanya vizuri kwenye mitihani, na kwa kuwa alama zilikuwa za juu hakustahili msaada wowote. Siku ile mbele ya kamera binti alikuwa na miaka 15, yuko darasa la 9, na uwezo wake wa kusoma ulikuwa wa mtoto wa darasa la 5.